Kansere Iliyojificha Nyuma ya Wembamba

Katika kilio cha mama mmoja wa jumuiya yetu ndogo tulikesha tukiwasikiliza wakubwa wakizungumza, na neno moja lilirudi mara nyingi kuliko mengine yote: wembamba. Mama yule alikuwa mnene, mwenye kicheko kilichosikika hadi barabarani, na waliokutana naye sokoni walimsifu mume wake kwa kumtunza vema. Kisha akaugua, akakonda katika muda wa miezi michache, na waliokwenda kumtazama walitoka wakitikisa vichwa. Wengine walinong'ona habari za sumu. Wengine walidokeza ule ugonjwa ambao, tangu miaka ya 1980, umewafanya watu wetu kumwogopa kila anayekonda. Karatasi ya mganga ilisema jambo jingine: kansere ya mji wa mimba. Usiku ule hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba unene tuliousifu na ugonjwa uliomkausha vingeweza kuwa na undugu.

Tuliporudi nyumbani tulianza kuuliza na kusoma. Tulitaka kujua binadamu walianza lini kufahamu kwamba mafuta yanayozidi mwilini yanahusiana na kansere, ambayo vitabu vya Kiswahili huiita pia saratani, na kwa nini jambo kubwa namna hiyo lilichelewa sana kujulikana. Jibu la swali la pili ndilo lililotushangaza. Kansere hufuta nyayo zake yenyewe. Mgonjwa anapofika mbele ya mganga, mara nyingi ugonjwa umekwisha kumla nyama. Anayemtazama humwona mtu mwembamba, wala hana njia ya kujua jinsi alivyokuwa miaka 10 au 20 kabla ya hapo. Kwa karne nyingi waganga wenye akili na bidii waliwatazama wagonjwa wao kwa makini, na kadiri walivyotazama ndivyo walivyozidi kuona wembamba peke yake.

Wazee wa Ugiriki ya kale hawakuwa vipofu. Katika maandiko ya shule ya Hippocrates imo hukumu fupi kwamba watu walio wanene sana kwa asili yao hufa mapema kuliko wembamba. Lakini hawakuitaja kansere. Naye Galen, aliyefundisha katika karne ya pili na kuaminiwa kwa zaidi ya miaka 1000 baadaye, alisema kansere hutoka katika nyongo nyeusi inayozidi mwilini. Fundisho hilo lilijibu kila swali, na kwa sababu hiyo halikumsukuma mtu yeyote kwenda kuhesabu.

Waliohesabu kwanza walianza na masista. Mwaka 1700 mganga Mwitalia Bernardino Ramazzini alitoa kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi: wachimba madini, wafinyanzi, waoka mikate. Katika kazi yake hiyo aliandika pia kwamba kansere ya matiti ilionekana katika nyumba za watawa wa kike kuliko kwa wanawake wengine. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1842, mganga mwingine, Domenico Rigoni-Stern, alitangaza matokeo ya kazi ya uvumilivu: alikuwa amepitia kumbukumbu za vifo za mji wa Verona tangu 1760 hadi 1839, akitenganisha walioolewa, wajane, wasioolewa na watawa. Akaona kwamba masista walikufa zaidi kwa kansere ya matiti, na kwamba kansere ya kizazi iliwapata wanawake walioolewa zaidi kuliko wao.

Miaka 80 ya vifo, mstari kwa mstari, kwa wino! Hakuwa na hadubini ya kuzitazama siri za uvimbe. Alikuwa na daftari tu. Sehemu ya pili ya alichokiona imeeleweka katika nyakati zetu: kansere ya mlango wa kizazi huletwa na virusi vinavyoambukizwa kwa tendo la ndoa, na Harald zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kuonyesha hivyo. Sehemu ya kwanza, ile ya matiti, ilielekeza macho kwenye homoni: mwanamke ambaye hajapata kubeba mimba wala kunyonyesha hupitia mizunguko mingi zaidi ya hedhi, na matiti yake hupokea amri za homoni hizo kwa namna tofauti. Mwaka 1896, George Beatson wa Glasgow alieleza kwamba alipoondoa vifuko vya mayai vya mwanamke mwenye kansere ya matiti iliyokwisha kuenea, uvimbe ulipungua. Basi kulikuwa na kitu kilichotoka huko chini kikalisha uvimbe wa juu. Kitu hicho ndicho tunachokiita leo estrojeni.

Lakini daftari la Verona lilikosa safu moja. Liliandika jina, umri, hali ya ndoa na sababu ya kifo. Uzito halikuuandika, wala hakuna aliyefikiri kuuandika.

Hapa anaingia Mbelgiji. Adolphe Quetelet alizaliwa Ghent mwaka 1796. Alikuwa mtaalamu wa nyota aliyeanzisha jumba la kutazamia nyota mjini Brussels, na alipochoka kuhesabu nyota alianza kuwahesabu watu. Katika miaka ya 1830 aliona kwamba kwa watu wazima uzito huongezeka kwa kufuata kipeo cha pili cha urefu. Ndiyo hesabu ile ile inayofanyika leo katika vituo vyetu vya afya: chukua uzito kwa kilo, ugawanye kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa kilo 80 mwenye urefu wa mita 1.60 anapata 31.25. Mwaka 1972 Mmarekani Ancel Keys aliipa hesabu hiyo jina linalotumika sasa duniani kote, na baadaye Shirika la Afya Duniani likaweka mipaka: kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Quetelet mwenyewe hakuwa akitafuta wagonjwa. Alimtafuta mtu wa wastani, kama mtu anayetafuta katikati ya mto. Ni vema kulikumbuka hilo, kwa sababu kipimo kilichotungwa kwa ajili ya umati humdanganya mtu mmoja mmoja mara nyingine: mbeba mizigo wa bandarini aliyejaa misuli anaweza kuonekana mnene kwenye karatasi, na mtu mwembamba wa mikono mwenye tumbo lililojaa mafuta akapita bila kuonekana.

Waliojaza ile safu iliyokosekana hawakuwa waganga, na wala hawakufanya hivyo kwa upendo. Walikuwa wauzaji wa bima ya maisha huko Marekani. Kampuni ya bima huahidi kulipa fedha mtu akifa. Kwa hiyo hutaka kujua mapema nani atakufa upesi. Basi kila mteja aliyekuja akiwa mzima alipimwa urefu na uzito, karatasi ikawekwa kabatini, na siku alipokufa karatasi ile ikatolewa tena. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na ushahidi ambao kansere haikuweza kuufuta. Uzito uliandikwa kabla ya ugonjwa kuanza.

Mmoja wa watu wa kabati hizo alikuwa Frederick Hoffman, mzaliwa wa Ujerumani, mtaalamu wa takwimu katika kampuni ya Prudential. Mwaka 1915 alikusanya vifo vya kansere vya dunia nzima katika kitabu kikubwa, na mwaka 1937 akatoa kingine juu ya kansere na chakula, akishikilia kwamba kula kupita mahitaji ya mwili ni mojawapo ya sababu zake kubwa. Tungependa kumsifu bila kikwazo, lakini hatuwezi. Mtu huyo huyo, mwaka 1896, alikuwa ameandika kitabu kilichodai kwamba watu Weusi wa Marekani wanakufa kwa wingi kwa sababu ya udhaifu wa rangi yao, na hoja hizo zilitumika kuwanyima bima. W. E. B. Du Bois alimjibu upesi, akionyesha jinsi alivyozisoma hesabu vibaya: aliona umaskini, nyumba mbovu na kazi ngumu, akaviita damu. Ndugu vijana, tulikaa muda mrefu juu ya habari hii katika mkutano wetu. Mtu mmoja, kalamu moja, jedwali zilezile. Mara moja akaona kweli mapema kuliko wenzake, mara nyingine akaigeuza hesabu kuwa hukumu juu ya watu ambao hakutaka kuwafahamu.

Katika miaka ya 1940 Albert Tannenbaum, wa Hospitali ya Michael Reese mjini Chicago, aliifuata njia hiyo kwa uangalifu zaidi. Alizisoma kumbukumbu za bima, akaona kansere ikiongezeka pamoja na uzito; kisha, badala ya kuridhika, akaingia maabarani. Aliwagawa panya katika makundi, wengine wakila watakavyo, wengine wakipewa chakula kidogo lakini chenye lishe ya kutosha. Waliopunguziwa chakula walipata uvimbe kwa uchache. Peyton Rous alikuwa ameona jambo la namna hiyo huko New York mwaka 1914, lakini Tannenbaum alilirudia kwa aina mbalimbali za uvimbe hadi shaka ikapungua. Kisha dunia ikamsahau. Vita vilikwisha, dawa mpya na mionzi vikaja, kila mtu akatamani kupata silaha ya kuiua kansere, na habari za panya waliokula kidogo zikabaki katika majarida.

Sababu nyingine ya kumsahau ni kwamba hakuna aliyeweza kueleza mafuta hufanya nini. Watu waliyadhania kuwa ghala: mwili huweka akiba, basi. Katika miaka ya 1970 Pentti Siiteri na wenzake, Marekani, walionyesha kwamba ghala hilo ni kiwanda. Ndani ya mafuta ya mwili, homoni fulani zinazotoka katika tezi zilizo juu ya figo hugeuzwa kuwa estrojeni. Mwanamke aliyekoma hedhi, ambaye vifuko vyake vya mayai vimenyamaza, huendelea kupata estrojeni kutoka katika mafuta yake. Na kadiri mafuta yalivyo mengi ndivyo kiwanda kinavyotoa zaidi. Ukuta wa ndani wa mji wa mimba hupokea amri ya kukua mwaka baada ya mwaka, bila ile homoni nyingine inayoutuliza. Mnamo Desemba 1975 ushahidi wa pili ulitokea mahali pengine: majarida ya tiba yalitangaza kwamba wanawake waliomeza vidonge vya estrojeni peke yake baada ya kukoma hedhi walipata zaidi kansere ya mji wa mimba. Kilichotoka katika kidonge na kilichotoka katika mafuta kilifika mahali pamoja.

Hapo tulimkumbuka mama yetu. Binti yake alituambia baadaye kwamba alikuwa ameanza kutokwa na damu miaka kadhaa baada ya hedhi yake kukoma, na kwamba yeye mwenyewe alicheka akisema ujana umemrudia. Alinyamaza karibu mwaka mzima. Damu inayotoka baada ya hedhi kukoma ni ishara ya kwenda kwa mganga upesi, hata ikiwa ni kidogo, hata ikiwa haina maumivu. Kansere ya mji wa mimba ikionwa mapema, wengi hupona kwa kufanyiwa upasuaji. Tunaliandika hili waziwazi, ingawa kuna watakaoona si neno la kusemwa mbele ya vijana, kwa sababu aliyelijua nyumbani mwake alikuwa kijana.

Estrojeni si njia pekee. Mafuta yaliyojaa tumboni hufanya mwili kutoa insulini nyingi, nayo huhimiza chembe hai kukua na kugawanyika. Tena mafuta yanayozidi huvuta askari wa mwili, zile chembe nyeupe za damu, na kuwasha moto mdogo usiozimika. Chembe inayolazimishwa kugawanyika kila wakati, katikati ya moto huo, ndiyo inayokosea.

Ushahidi mkubwa kuliko wote ulipatikana kwa njia ambayo sisi wa parokia tungeitambua mara moja. Mwaka 1959 chama cha Wamarekani cha kupambana na kansere kiliwaomba wanachama wake wa kujitolea, wapatao 68,000 katika majimbo 25, kila mmoja awaendee ndugu, rafiki na majirani zake na karatasi ya maswali: una umri gani, una uzito gani, unavuta sigara? Watu wapatao milioni moja walijibu. Kisha wale wale wa kujitolea wakaendelea kufuatilia nani yu hai na nani amekufa. Mwaka 1979 matokeo ya watu 750,000 kati yao yalitangazwa, na kansere za matiti, mji wa mimba, mfuko wa nyongo na utumbo mpana zilionekana kuongezeka pamoja na uzito. Kazi ilianzishwa upya mwaka 1982 kwa kundi jingine. Mwaka 2003 Eugenia Calle na wenzake walitoa hesabu ya watu zaidi ya 900,000 waliofuatiliwa kwa miaka 16: walio wanene kupita wote, wenye kipimo cha 40 na zaidi, walikufa kwa kansere kwa kiwango kilichozidi cha wenye uzito wa kawaida kwa asilimia 52 kwa wanaume na 62 kwa wanawake.

Huko Lyon, Ufaransa, yapo makao ya shirika la kimataifa la utafiti wa kansere. Mwaka 2002 wataalamu wake walikubali kwamba kuepuka unene hupunguza hatari ya kansere tano: ya utumbo mpana, ya matiti baada ya hedhi kukoma, ya mji wa mimba, ya figo, na aina moja ya kansere ya umio. Mwaka 2016 waliongeza nane, zikawa 13. Miongoni mwa zilizoongezwa ni za ini, kongosho, mfuko wa nyongo, vifuko vya mayai na tezi ya shingo. Nguvu ya uhusiano haifanani. Kwa kansere ya mji wa mimba, hatari kwa wanawake wanene kupita wote ni kama mara saba ya ile ya wenye uzito wa kawaida. Kwa utumbo mpana, hatari ya wanene huzidi kwa kama theluthi moja tu. Na je, anayepungua uzito hupona hatari hiyo? Nchini Sweden, watu waliofanyiwa upasuaji wa tumbo ili wapungue walilinganishwa na wanene wenzao ambao hawakufanyiwa. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba wanawake waliopasuliwa walipata kansere kwa uchache. Kwa wanaume tofauti haikuonekana.

Kwetu habari hizi zilidhaniwa kwa muda mrefu kuwa za wengine. Katika nchi jirani ya Uganda, waganga wawili, Hugh Trowell na Denis Burkitt, walifanya kazi miaka mingi Kampala, na wote wawili walistaajabu jinsi magonjwa ya Ulaya yalivyokuwa machache: wanene wachache, kansere ya utumbo mpana chache. Trowell alishughulika zaidi na watoto waliovimba kwa kukosa lishe. Baadaye walikubaliana kwamba chakula kizito cha nafaka, mizizi na majani kiliwakinga watu, na mwaka 1981 walihariri pamoja kitabu juu ya magonjwa yanayofuata maisha ya Kimagharibi. Si kila walichodai kimethibitika, lakini onyo lao halikukosea njia. Tazameni meza za sherehe zetu siku hizi: bukari na sombe vingalipo, lakini pembeni yake ni makreti ya vinywaji vya sukari, mikate myeupe, viazi vya kukaanga vinavyoelea katika mafuta, na anayekwenda kwa miguu siku hizi hufikiriwa kuwa amekosa nauli ya pikipiki.

Hata hivyo tusiruke kutoka shimo moja na kuangukia jingine. Kansere nyingi za nchi yetu hazitoki katika unene. Ya mlango wa kizazi hutoka kwa virusi. Ya ini hutoka mara nyingi kwa homa ya ini ya aina ya B, na kwa sumu ya ukungu katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Wapo wanene wengi wasiopata kansere kamwe, na wembamba wengi wanaoipata. Hesabu ya watu 900,000 haiwezi kusema kwa nini mama mmoja wa jumuiya yetu amekufa. Tuliogopa hasa jambo hili: kwamba vijana watasoma ukurasa huu, kisha wamcheke mama mnene kanisani, au wamwambie mgonjwa kwamba amejitakia. Hoffman alikuwa na jedwali bora kuliko letu, na bado aliwahukumu watu.

Baada ya siku arobaini tulikwenda kumsalimu mzee aliyefiwa. Alitutolea bahasha ya karatasi za marehemu: cheti cha ubatizo, cha ndoa, kadi za chanjo za watoto ambamo uzito wa kila mtoto umeandikwa mwezi kwa mwezi, tangu kuzaliwa hadi miaka mitano. Tukapekua hadi chini. Uzito wa mama ulikuwa umeandikwa mara moja tu, katika karatasi ya mwisho ya hospitali: kilo 47.